Shajara ya kitalu, Mingoyo: boribo lililogeuka

Novemba 3

Leo asubuhi amekuja mteja wetu anayetoka Mtama. Hakuja na ugomvi. Alimwamkia mjomba, akavuta kigoda, akafungua kiroba na kupanga maembe matatu juu ya meza tunayojazia viriba. "Haya, nyie wenye kitalu. Hili ni boribo?"

Halikuwa boribo. Ila tulipoulizana sasa ni embe gani, watu watano tukatoa majibu matatu: dodo, "dodo fulani hivi", na "la kienyeji tu". Jibu hilo la tatu ndilo lililoniuma, maana mtu halipi bei ya mche wa kubebesha, uliounganishwa kijiti cha mwembe mzuri juu ya mche wa kienyeji, ili aje kuvuna la kienyeji tu.

Miche ile niliibebesha mimi, miaka minne iliyopita. Alichukua kumi, sita ikapona, na mwaka huu ndiyo imebeba kwa mara ya kwanza. Mitano iko sawa, mmoja umegeuka. Yeye anacheka, anasema hata watoto wa baba mmoja hawafanani. Mimi sicheki, kwa sababu fungu lile lilikuwa la miche zaidi ya hamsini, na alama zake niliziandika kwa kalamu ya wino juu ya nailoni. Jua la Lindi lilizifuta kabla mvua hazijaanza.

Naanza kuandika basi. Ninachotaka ni kimoja: kila mwembe tunaokata vikonyo, yaani vijiti vya kubebeshea, uwe na maelezo ambayo mtu mwingine, asiye mjomba, anaweza kuyashika na kuutambua.

Novemba 9

Nimekata makopo ya maziwa ya unga, nikaandika namba kwa ncha ya msumari hadi bati likabonyea. Wino haupo tena katika kitalu hiki. Miembe ni tisa, M1 hadi M9. Bati limening'inizwa kwa waya uliolegea kwenye tawi; ukikaza, tawi linanenepa na waya unazama kwenye gome.

Mjomba nilizunguka naye. Miembe hii ni ya upande wa mama, aliipanda bibi yake, na yeye ndiye msemaji wake. Tatizo ni kwamba kwa mjomba kila embe linalojaa kiganja ni dodo. M2 ni dodo. M7 ni dodo. M9, ambao matunda yake hayafanani na ya M2 hata kidogo, nao ni dodo. Kwa M6 hakusita: "Huu boribo. Bibi aliutaja hivyo hivyo." Kwa M4, ulio hatua chache tu kutoka M6, alisema, "Huo mwembe tu."

Nikawaza mikorosho. Ukienda Naliendele kule Mtwara, kwenye kituo cha utafiti, koo za mikorosho zinajulikana kwa namba, na mbegu inayotoka pale unajua imetoka wapi. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja kwa wataalamu wa mimea, ndiyo maana utomvu wa vyote viwili unaweza kukuchubua ngozi. Ila mmoja umeandikiwa daftari, mwenzake ameachiwa kumbukumbu za wazee. Sababu naijua, korosho ina pesa.

Novemba 17

Rangi ya ganda nimeishusha chini kabisa kwenye fomu ninayojazia kila mwembe. Wiki nzima nimeandika "jekundu begani", "njano yenye kijani", kisha jana nikapanda M6 na kuchuma manne kutoka upande wa mashariki na manne kutoka ndani ya kivuli. Ukiyaweka pamoja utaapa ni miembe miwili. Ule wekundu unatengenezwa kwenye ganda linalopigwa na jua. Embe lililojificha chini ya majani linabaki kijani na ladha yake ni ile ile.

Wateja, hata hivyo, wananunua kwa macho. Tommy Atkins, lile embe jekundu la Florida, lina nyuzi nyingi na utamu wa wastani, lakini limezunguka dunia nzima kwa sababu ya sura yake na kwa kuwa linavumilia safari. Embe zuri la dirishani. Kwangu rangi ya ganda itaandikwa mwisho kabisa, kama chumvi.

Novemba 29

Nimefanya kosa ambalo naliandika ili nisilirudie.

Nilichukua futi ya fundi cherehani na mizani ya jikoni ya dada, nikapima urefu, upana na unene wa maembe kumi ya kila mwembe. Hesabu ilinifurahisha. M6: urefu sentimita 14, upana 8, limepinda kidogo kama figo na ncha yake imechongoka. M2: urefu 11, upana 9 na nusu, limejaa. Nikagawanya urefu kwa upana, nikapata namba safi. Kisha nikapima yale matatu ya Mtama, yakaangukia katikati. Nikatangaza mbele ya wenzangu: ni M9, dodo la tatu la mjomba. Nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi dada aliyashika yale ya Mtama akasema, "Kaka, haya ni machanga." Na kweli. Embe changa mabega yake yameteremka kutoka kwenye kikonyo cha tunda, kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Linapokomaa mabega yananyanyuka, yanajaa, hadi kikonyo kinakaa kwenye kibonde. Tumbo nalo linatoka. Nilikuwa nimelinganisha maembe ya mapema Novemba na yale ya mwisho wa mwezi. Ni kama kumpima mtoto wa darasa la pili na mjomba wake kisha useme hawahusiani.

Nimempigia mteja simu aniletee yaliyokomaa. Kanuni mpya: hakuna kupima umbo mpaka mabega yamejaa na nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kuwa ya njano. Na maembe kumi si anasa; katika yale ya M7 mawili yalikuwa vijitunda visivyo na kiini ndani, vidogo, ambavyo peke yake vingenipotosha kabisa.

Desemba 10

Nimeenda Lindi mjini na haisi ya kwanza, na maembe kumi na mbili kwenye kapu, manne ya M2, manne ya M6, manne ya M4, yote yameandikwa namba ndogo chini. Yule mama anayeuza karibu na mlango wa soko amekuwa akiuza maembe tangu nikiwa shule ya msingi. Nikamwambia, "Shikamoo mama, leo sijaja kununua, nimekuja kusoma."

"Marahaba. Ada ya shule unayo?"

Nikanunua mafungu mawili. Ndipo akaanza.

Nilitegemea atayaangalia. Hakuyaangalia. Alichukua moja moja, akapitisha kidole gumba kuanzia kwenye kikonyo hadi nchani, kwa upande ule wa ndani. Huko nchani, kabla ya kumaliza, boribo lina kidomo kidogo, kama mdomo wa ndege, na juu yake kuna kibonde ambamo ukucha unakaa. La M2 halina. La M4 kibonde linacho ila kidomo hakuna. Akayatenga makundi matatu bila kugeuza hata moja kutazama namba. Alikosea moja tu, na lile moja lilikuwa limepondeka njiani.

Kisha akavunja vikonyo na kunusa utomvu. "Hili linanuka kama jani la mwembe. Hili linanuka kama rangi ya kupakia milango." Hilo la rangi lilikuwa M4. Nimenusa mwenyewe mara tatu. Ni kweli, kuna harufu kali ya tapentaini ambayo M6 haina.

Nilimuuliza lile la M4 yeye analiitaje. Akalibonyeza, akalirusha kwenye kapu langu. "Hili halina jina. Lakini likiiva vizuri nitalinunua kwako."

Sijui kwa nini miaka yote hii hatukuwahi kumuuliza.

Desemba 21

Mteja ametuma maembe manne kupitia dereva wa haisi, safari hii yamekomaa na mawili yameiva. Kidole gumba nchani: kibonde kipo, kidomo hakuna. Kikonyo: rangi ya milango. Nilitamani kumaliza shajara hapa hapa, lakini nilishaaibika mara moja mwezi uliopita, kwa hiyo twende kwenye kokwa.

Kokwa ndiyo sehemu ya embe inayosema ukweli, na ndiyo tunayotupa. Tumekula, tumeosha kwa majivu na brashi, tumeanika kivulini siku mbili. Kwa nje angalia nyuzi: zimeota mwili mzima au upande wa mgongo tu, ndefu au fupi, laini au kama za kumbi la nazi. Angalia mishipa ya juu yake, imelala sambamba au imekatana. Kokwa la M6 ni refu, jembamba, nyuzi zake fupi. La M2 ni nene na lina ndevu. La M4 ni bapa, karibu uchi.

Halafu lifungue. Kata ukingo kwa mkasi wa kupogolea, taratibu, utoe kiini. Hapa ndipo maembe ya dunia yanapogawanyika mara mbili. Kuna ambayo ndani ya kiini mna mche mmoja tu: mapande mawili laini, kama harage kubwa. Na kuna ambayo ndani mna vipande vingi vimebanana kama vitunguu saumu, kila kipande kikiwa mche unaojitegemea. Katika kundi hili la pili, miche mingi haitokani na chavua hata kidogo. Inaota kutoka kwenye mwili wa mama yake, kwa hiyo ni nakala yake. Mmoja anaweza kuwa mtoto wa kweli wa baba na mama, na mara nyingi ndiye dhaifu anayesongwa na wenzake.

Nilipolielewa hili niliacha mkasi nikaenda kukaa barazani. Nimekuwa nikijiuliza miaka mingi: bibi wa mjomba hakuwahi kubebesha mche, hakuwa na nailoni wala wembe, aliwezaje kurithi boribo na kutuachia boribo? Alichimba shimo akafukia kokwa. Basi. Mti wenyewe ulijinakili. Ndivyo maembe ya pwani hii yalivyosafiri kwenye majahazi bila kupoteza sura. Ibn Battuta, mwaka 1331, kabla hajashuka hapa mkoani kwetu Kilwa, aliandaliwa Mogadishu wali na achari yenye maembe ndani yake. Kwa hiyo mazungumzo ya embe kwenye pwani hii si ya jana.

Matokeo ya leo, viini vitano kwa kila mwembe. M6: vyote vina vipande vingi. M2: vivyo hivyo. M4: kimoja, kimoja, kimoja, kimoja, kimoja. Mtama: viwili vilivyofunguka vizuri, vyote kimoja kimoja.

Embe la Mtama ni la M4, si dodo la mjomba. M9, niliouchafulia jina tangu Novemba, nauomba radhi.

Makokwa mengine nimeyaotesha kwenye viriba leo leo, ukingo uliojaa ukiwa juu. Kokwa la embe halingoji. Ukiliacha wiki kadhaa likauke limekufa.

Januari 4

Mvua. Inzi wa matunda wamefanya sherehe kwenye M7, nusu ya maembe yana funza. Tumeyazika kwa kina na chokaa. Hakuna cha kuandika kuhusu utambuzi.

Januari 15

Jirani amesikia habari zangu akaniita. Ana miembe miwili ya kubebesha aliyoinunua mbali, yote miwili aliambiwa ni Kent. Mmoja ameshavuna. Mwingine bado una matunda makubwa ya kijani, magumu, na amekata tamaa: "Huu hauivi."

Nikamwambia tukate tunda moja tuone. Ndani ni njano, tamu, haina nyuzi. Lilikuwa limeiva kwa siku kadhaa na kijani chake. Huo ni Keitt.

Hawa wawili wanachanganywa kwa haki. Wote ni wa Florida, wote wanatokana na embe liitwalo Brooks. Kokwa la Kent lilifukiwa mwaka 1932, la Keitt mwaka 1939, kila moja katika ua wa mtu binafsi, na majina waliyobeba ni ya wenye nyua. Kwa Keitt watu waliandika kwa miaka mingi kuwa mama yake ni Mulgoba, embe la kutoka India. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyoelekeza kwa Brooks. Kwa hiyo hata walio na maabara walikosea mama. Nimejisikia nafuu kidogo.

Ukisimama mbali unautofautisha mti kabla hujafika kwenye tunda. Kent umesimama wima, umejikusanya, majani yamefunga. Keitt umerusha mikono, matawi marefu yaliyopinda kuelekea chini na nafasi kati yao, kama mwavuli uliovunjika mbavu. Matunda yake yanachelewa, na yanaiva bila kuaga kijani, wekundu ukiwepo ni wa kupuliza tu begani.

Jirani aliuliza kama anaweza kuotesha kokwa la Kent apate Kent nyingine. Hapana. Yote mawili ni ya kiini kimoja. Ukifukia kokwa unapata mtoto, na mtoto hana mkataba wa kufanana na mama. Aliyezaliwa kwa kokwa la Brooks alikuwa Kent, hakuwa Brooks. Hayo yanahitaji kikonyo na wembe.

Safu mpya kwenye fomu: "umbo la mti, ukiwa hatua thelathini". Ningeiweka tangu Novemba.

Januari 30

Majani mapya. Mvua zimeamsha miembe yote kwa wiki moja, nimeshukuru, maana machipukizi lazima yalinganishwe yakiwa na umri mmoja. Baada ya wiki chache yote yanakuwa kijani na ushahidi umepotea. M6 umetoa chipukizi la kijani kilichopauka, karibu na njano. M4 umetoa rangi ya shaba iliyong'arishwa, hadi ukiwa barabarani unauona. Nimemtumia mteja picha kwa simu, nikamwomba aende kwenye mti wake uliogeuka. Akarudisha picha: shaba.

Viriba vya kokwa: M6 vimetoa miche miwili, mitatu, kimoja minne, kwenye kokwa moja. M4 mmoja mmoja, na tayari haifanani yenyewe kwa yenyewe. Mmoja majani membamba, mwenzake mapana.

Februari 12

Nimeshapata jinsi ilivyotokea, na haikuhitaji wembe wala mizani.

Nilikuwa nimesimama chini ya M6 nikitafuta vikonyo vya mwaka huu, vyenye unene wa penseli, na kutoa majani ili macho ya vikonyo, yale machipukizi yaliyolala, yavimbe kabla ya kukata. Kwa kuwa sasa nayajua yale majani ya shaba, niliona kitu nilichokipita miaka yote. Katikati ya kichwa cha M6, upande wa kusini, kuna tawi moja lenye majani ya shaba. Nikalifuata kwa kidole kurudi nyuma. Linatoka M4. Limevuka zile hatua chache, limepenya ndani ya mwenzake na kujificha humo. Miaka minne iliyopita nilikata vikonyo jioni, wenzangu wananingoja, mkono juu ya kichwa, nikivuta kila kilichokuwa karibu. Nilidhani nakata mwembe mmoja.

Kwenye tawi hilo kuna makovu ya kukata ya zamani. Nimehesabu saba. Mmoja uko Mtama. Daftari la mauzo la mwaka ule linanipa wateja watatu ninaoweza kuwafuata. Waliobaki walinunua barabarani, pale njia panda ya Mtwara na Masasi, na huko hakuna daftari.

Nimemweleza mjomba. Alitazama lile tawi kwa muda mrefu, kisha akasema tusilikate bado, lina matunda.

Februari 20

Mtama. Nilikwenda na vikonyo kumi na viwili vya M6, vimekatwa alfajiri, vimefungwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa nailoni, na kila kimoja nimekifuata kwa kidole hadi kwenye shina. Mpango ulikuwa kuukata mti kichwa na kuubebesha upya juu ya mashina yake mwenyewe. Kuna joto, kuna unyevu, ni wakati wake.

Mteja alitukaribisha chai kwanza. Nikamwambia ukweli wote: ni kosa langu, tawi lilikuwa la mwembe mwingine, kazi hii halipii. Akasikiliza, akaita watoto wake wawili wakubwa na kuwauliza kitu kwa Kimwera nisichokidaka chote. Wakajibu kwa pamoja.

"Wanasema tawi moja uliache," akaniambia. "Lile la upande wa jikoni. Haya mengine mapya sawa, tupate ya kuuza. Ila lile wanalila wao."

Tumekata matawi manne, tumebebesha vikonyo kumi, viwili nimempa aweke kwenye mche wa kienyeji ulioota wenyewe nyuma ya choo. Tawi la upande wa jikoni limebaki. Nilikuwa na mabati mawili mfukoni. La kwanza nimelitundika kwenye machipukizi mapya: M6, boribo, na tarehe. La pili nililishika na msumari mkononi, nikamuuliza yule mdogo niandike nini.

"Andika la kwetu," akasema.

Nimeandika: M4, la kwetu.

Nyumbani nimemsimulia mjomba. Anataka jina hilo hilo liende kwenye mwembe wenyewe, na kesho nitabadilisha bati.